Jembe la Mgeni

Fundi viatu alikuwa mgeni kanisani kwa Jumapili kumi na tatu mfululizo. Kila mara mchungaji aliposema, "Wageni wetu wasimame tuwaone," yeye alisimama, maana hakuna aliyemwambia ugeni huisha lini. Alisema yeye ni fundi viatu, ametoka mbali, mkewe amefariki, nyumbani anaongea na redio. Watu walipiga makofi na kumwimbia wimbo wa wageni. Kufikia Jumapili ya nane watoto wa benchi la mbele walikuwa wakimmalizia maneno, na kanisa zima lilimwita Mgeni.

Naye hakujua jina la mtu. Kwa haya zake, macho yake hayakupanda juu ya magoti, akawajua watu kwa viatu. Mzee wa kanisa alikuwa Kisigino Kimelika. Mama wa kwaya alikuwa Kamba Rangi Mbili.

Jumapili ya kumi na nne aliapa moyoni: leo sisimami. Wakiniacha nikae, mimi ni wa hapa. Wakiniinua tena, bora redio yangu.

Mchungaji akaita wageni. Hakusimama mtu. Kanisa zima likageuka kumtazama, mama wa kwaya wimbo ukiwa umeshamfika kooni.

"Mgeni, vipi baba?" mchungaji akauliza. "Unaumwa?"

Fundi akainuka, hasira zimempanda, macho kwenye viatu vya mchungaji. "Mchungaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi leo Jumapili ya kumi na nne. Jembe langu liko wapi?"

Mama wa kwaya akaangua kicheko mpaka akajishikilia kwenye benchi. Mzee wa kanisa akatoka kimyakimya, kisigino kikiburuzika, akarudi na fagio.

"Jembe hatuna," akasema. "Lakini tunafagia Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ukichelewa tutakusema, kama tunavyosemana wenyewe."

Fundi akalipokea kwa mikono miwili. Alilia, tena kwa sauti, akajifutia tai.

Wakampa na kazi ya kukaribisha watu mlangoni. Siku moja akaja binti, muuza nyanya, amejibanza nyuma ya mlango kwa sababu ndala yake imekatika mkanda. Fundi alitazama chini kama kawaida yake, akatoa sindano mfukoni, akaushona palepale. Wageni walipoitwa, binti akasita kuinuka, basi fundi akasimama naye. Mdomo wenye mazoea ukamponza: "Mimi ni fundi viatu, nimetoka mbali..." Kanisa likammalizia yote, hadi redio.

Jumapili ya pili binti alisimama peke yake. Ya tatu, mchungaji alipofungua tu kinywa, akaanza kuinuka tena.

Fundi akamvuta mkono. "Kaa, mwanangu," akamnong'oneza, akainama na kuchomoa fagio chini ya benchi. "Jumamosi, saa tatu asubuhi."