Vidole vya Babu

Mpaka naota mvi nilijua, bila chembe ya shaka, kwamba babu yangu alimkata mzungu vidole akavibeba shingoni ndani ya mkebe. Binamu yangu ndiye aliyenipasha tukichunga mbuzi: "Babu alitembea na kipande shingoni. Kipande cha mtu! Ndani mna vidole." Na mimi ndiye niliyepewa jina la babu. Tangu hapo nikawa nahesabu vidole vyangu kila asubuhi, nisije nikalipishwa. Leo naandika haya nikiwa mwepesi kama pamba.

Mkebe ulitundikwa ukutani kwa shangazi, kijijini Ndithini. Kila nilipomtembelea nilikaa mlangoni, tayari kuruka ua kama swara.

Uzeeni nikaingia darasa la jioni. Mwalimu akatuambia tuandike ukurasa mmoja kuhusu mtu wa ukoo na mambo ya wakati wake. Nikaandika mbio: wakoloni walipochukua ng'ombe wa Wakamba wakidai wamezidi malisho, babu alikuwa kati ya waliotembea kwa miguu hadi Nairobi kuwadai. (Nilimwandikia ng'ombe mia nne. Alikuwa na saba.) Nikaandika alivyokata katani kwenye shamba la mzungu. Hapo kalamu ikagoma. Nikiandika vidole, jina letu litasomwa mbele ya darasa zima kama jina la mkatili. Nikiviacha, nimekuwa mwongo, na mimi huongeza tu, sidanganyi.

Jumamosi nikaenda kwa shangazi. Kwa kuwa nina jina la babake, yeye huniita baba.

"Baba, leo utaingia ndani ama utalinda mlango?"

"Shangazi, yule mzungu wa vidole alikufa?"

"Mzungu gani?"

Nikaonyesha mkebe kwa kidevu. Akautundua, akaufungua kwa ncha ya kisu. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mezani palikuwa na karatasi kuukuu iliyokunjwa mara nne. Hakuna hata ukucha! Nikashusha pumzi iliyotosha kupepeta gunia zima la mahindi, nikamweleza habari za binamu. Alicheka mpaka kuku wakatoroka jikoni.

"Kipande ni kitambulisho, baba," akasema akijifuta machozi. "Cha wakati wa mkoloni. Wanaume walilazimishwa kukivaa, ukikosa unafungwa. Na vidole ndivyo hivi, alama za wino. Ni vyake mwenyewe."