Irabu za Mke wa Mwalimu

Mwalimu wa fonolojia alifundisha chuoni jinsi sauti za Kiingereza zinavyopangika. Siku moja mwanafunzi alisoma "street" akatamka "sitiriti", na darasa zima likaangua kicheko.

"Hebu acheni," mwalimu alisema. "Kiingereza huruhusu konsonanti tatu zibanane mwanzoni mwa neno. Kiswahili hupenda kila konsonanti iwe na irabu yake. Mwenzenu amefuata kanuni ya lugha aliyokua nayo, basi."

Ghafla akamkumbuka mke wake. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amejifunza Kiingereza kwa redio huku akishona, akakipenda kwelikweli. Naye mwalimu siku moja alimsahihisha irabu zake mbele ya wageni, neno kwa neno, mpaka wakacheka. Tangu hapo wageni wakija, mama watoto huwasalimia kwa Kiswahili na kuondoka.

Jioni ile alimwomba radhi. "Jumamosi wenzangu watakuja. Kaa nasi, mke wangu, uongee Kiingereza upendavyo."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Nilishakusamehe zamani, baba watoto. Ila hamu yenyewe ndiyo imeniisha."