Kisima Kilichojaa Haraka

Niliolewa karibu na Kyuso miaka ya sabini, nikitoka Kasikeu, na kilichonishinda huko hakikuwa jua. Ni ushuhuda. Katika kanisa la wakwe zangu, kabla ya kubatizwa ilikupasa usimame mbele ya watu useme jinsi wewe mwenyewe ulivyouonja upendo wa Kristo. Wenzangu walisimama, wakasema, wengine kwa machozi, wakaketi. Mimi nilibaki kwenye benchi. Niliamini kwamba Mungu anapenda watu. Lakini kwamba ananipenda mimi, hilo lilikuwa kichwani tu, kama habari za redioni, na mimi si mtu wa kusema nisichokijua ili niwapendeze watu. Mchungaji, mtu mpole, aliniambia ningoje. Niliumia sana. Jumapili zote nilijihisi mgeni katika nyumba ambayo kila mtu mwingine ana kiti chake.

Mama mkwe wangu, mjane aliyeokoka zamani, hakuniuliza lolote juu ya hayo. Nilimwita mwaitu, mama yangu, kama desturi ilivyotaka, ingawa bado nilikuwa namchunguza. Kila alfajiri alibeba mtungi wake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akashuka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Kila boma lilikuwa na shimo lake humo, limezungushiwa matawi ya miiba, na maji yalijikusanya usiku kucha. Anayechota kwanza hupata maji safi. Anayefuata hukaa akingoja yachuruzike, akikwangua kata kwa kata, tope na yote.

Mimi nilishuka jua likishachomoza, maana nilikuwa nanyonyesha kifungua mimba wangu. Kila mara nilikuta shimo letu limejaa, maji yametulia, na mama mkwe ameketi kando chini ya ukingo wa mto, macho amefumba, anaomba. Nikajua amekwisha kuchota na shimo limejaa tena. Basi nikawa najisifu kwa majirani.

"Kisima yetu iko na nguvu! Mwaitu anachota, mimi nikikuja nakuta imejaa!"

Wakatazamana, wakacheka wakiziba midomo kwa leso. Nikasema hawa wana wivu.

Kilichonikera ni kwamba yeye alirudi nyumbani jua limepanda kabisa, mimi nimeshafagia, nimepika uji, nimefungulia mbuzi. Nilinung'unika kwamba maombi yake hayana mwisho. Tena maji ya mtungi wake yalikuwa na rangi ya chai. Nikaona ni uzee, hajui tena kuchota taratibu.

Asubuhi moja nilifika nyumbani nikakumbuka nimesahau kata yangu mtoni. Nikarudi, mtoto kifuani, nimekasirika. Nikamkuta mama mkwe ndani ya shimo, amezama hadi mabegani, anakwangua chini kabisa na kumimina tope mtungini, huku akiimba polepole.

"Mwaitu, kwani hukuchota mapema?"

Akainua uso. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa.

"Ile maji ya asubuhi ni ya mama anayenyonyesha."

"Sasa mbona unatoka nyumbani na giza?"

"Mbuzi za wafanyabiashara zinapita hapa mapema kwenda soko. Hiyo miiba haiziwezi. Nisipokaa hapa, utakuta shimo kavu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungekataa. Si najua kichwa yako?"

Nikakaa mchangani nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, kwa kuwa nimependwa muda wote huo bila kuulizwa. Halafu hasira ikaisha, nikaendelea kulia. Nilikuwa nimekunywa maji yale na kumnyonyesha mwanangu kwayo, huku nikimwomba Mungu anionyeshe kama ananipenda. Siku hiyo, pale mchangani, nilijua kwamba ananipenda. Sikulijua kwa kichwa. Mama mkwe alinipa kata yangu akaniambia niende, mtoto anachomwa na jua.

Jumapili nilisimama.

"Bwana asifiwe. Mimi nilidhani kisima yetu inajaa haraka."

Wanawake wa mtoni walicheka kwa sauti. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Mchungaji alingoja niendelee, lakini mimi nikaketi. Baadaye akaniambia yatosha, ila itabidi tungoje mvua, maana hakuna mahali pa kumzamisha mtu.

Mvua ilikuja, mto ukapita na kulifukia shimo letu, na maji yalipotulia tukashuka kubatizwa karibu na pale pale. Nilidhani nimewahi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufika, ameketi chini ya ukingo, ananingoja.