Mwombaji Namba Tano

Shangazi yangu alikuwa opareta wa simu wa chuo kikuu kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akisimulia alichokisikia kwenye laini. Si kwamba hatukumchokonoa. Kuna wakati mji mzima ulijua profesa fulani amefukuzwa nyumbani na mkewe, na sisi ndugu tukajua kwamba simu zao zote zilipita mikononi mwa Shangazi. Tulimzunguka siku nzima kwa maswali. Yeye alituuliza kama tunataka kuongezewa chai.

Sheria ya kazi yake ilikuwa moja, na alifundishwa na mzee aliyemwachia kiti kile. Ukishawaunganisha watu, toa sikio. Opareta haingii kwenye laini yenye mazungumzo mpaka aitwe. Wakimhitaji watabonyeza, taa nyekundu mbele yake itawaka, ndipo aingie na kusema, "Opareta hapa, nikusaidie?" Akishasaidia, anatoka. Kwa Shangazi, anayeingia kwenye laini ya watu bila kuitwa hakuwa na tofauti na mwizi.

Sauti yake ilikuwa ya binti wa miaka ishirini. Mwenyewe alikuwa na hamsini na nne, mwili umejaa, goti la kushoto bovu. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiuzia chuo karatasi alimpenda kwa simu miezi minne, akaja na manukato hadi mlangoni. Alipomwona, alikumbuka ghafla kwamba ameegesha gari vibaya. Shangazi alikuwa akikihadithia kisa hiki huku anafuta machozi ya kicheko, na manukato alibaki nayo.

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Opareta kwa wakubwa, Opareta kwa wafagizi, Opareta hata kwenye kadi za pongezi. Sisi tulimwita Shangazi. Aliyekuwa akimwita kwa jina ni marehemu mume wake, naye alishatangulia miaka tisa nyuma, bila kumwachia mtoto.

Ugonjwa ulipoingia, chuo kiliwarudisha wanafunzi makwao ndani ya wiki moja. Walimu wakaanza kufundishia sebuleni kwao kwa kompyuta. Mabweni yakafungwa, kantini ikafungwa, maktaba ikafungwa. Halafu zikaanza barua. Ya kwanza ilisema hakuna ajira mpya. Ya pili ilisema mikataba ikiisha haitaongezwa. Ya tatu iliwapunguzia wakubwa mishahara, na hapo wakubwa wakagundua kwamba hali ni mbaya kweli. Ya nne ilitangaza kamati ya watu watatu ya kupitia nafasi za kazi moja baada ya nyingine na kufuta zisizo za lazima. Wafanyakazi waliiita Kamati ya Mkasi.

Sina ugomvi na hesabu zao. Chuo kisicho na wanafunzi hakina ada, na asiyenacho hatoi. Ninachogombana nacho ni lile neno lao, "zisizo za lazima". Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri miaka ishirini na miwili, anakanyaga tope na goti bovu, halafu anaambiwa kwa karatasi kwamba hakuwa wa lazima.

Mwanzoni Shangazi alionekana wa lazima kuliko wote, maana wote walikuwa majumbani na simu za chuo lazima zipokelewe. Aliingia peke yake kwenye jengo la utawala. Mlinzi wa getini alimpima joto kwenye paji la uso, akamwandika daftarini, na baada ya hapo Shangazi hakuona uso wa mtu mpaka jioni. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, dirisha moja lenye nondo, birika la umeme, mto wa kiti alioushona mwenyewe. Ukumbi wa mbele ulikuwa na saa ya ukutani ambayo miaka yote hakuwahi kuisikia, na sasa aliisikia kila dakika.

Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akizungumza kwa sauti akichemsha maji, ili tu pawe na mtu anazungumza. Akirudi nyumbani hali ni ile ile, ila kule kuna kitanda. Mimi nilikuwa mji mwingine, njia zimefungwa, na simu nilimpigia mara chache. Nilijidanganya kwamba mtu anayeshinda kwenye simu hataki simu zaidi. Ni uongo wa mvivu, na unaniuma hadi leo.

Simu zilizoingia zilikuwa za wazazi zaidi. Kulikuwa na mama mmoja ambaye binti yake alikwama bwenini pamoja na wenzake wachache waliotoka mbali, akashikwa na homa. Mama yule alipiga asubuhi na mchana. Ofisi ya wanafunzi ilikuwa tupu, hivyo hapakuwa na wa kumuunganisha naye. Shangazi alifunga chumba, akavuka uwanja mzima akichechemea, akasimama chini ya dirisha la bweni na kumwita yule binti achungulie. Kisha akarudi na kupiga: amekunywa uji, homa imeshuka, amenipungia mkono. Alifanya hivyo siku tisa mfululizo, na halikuwa jukumu lake. Mimi nasema ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

Barua yake ilikuja mwezi wa tano. Nafasi ya opareta itafutwa na itawekwa mashine ya kupokea simu, ile ya kukwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku saba. Shangazi alikata rufaa siku ile ile, kwa mwandiko wake wa mviringo, akatia sahihi jina lake kamili.

Kwa nini alihangaika hivyo? Chakula angepata, tungemlisha, sisi si wengi lakini tupo. Alinijibu nilipomuuliza. "Mwanangu, pale kuna watu wananisubiri nipokee. Nyumbani ananisubiri nani?"

Rufaa zilikuwa tano. Dereva wa basi, mtunza bustani, msaidizi wa maktaba, mpishi, na Shangazi. Kwa kuwa watu hawakuruhusiwa kukusanyika, kamati iliamua kusikiliza kwa simu. Profesa ambaye ni mwenyekiti atakuwa kwake, mhasibu mkuu kwake, mama wa utumishi kwake. Waombaji wakae karibu na simu zao kuanzia saa nne asubuhi, barua ilisema, wasubiri kuitwa. Na atakayewaunganisha wote, bila shaka, ni opareta.

Mama wa utumishi alimpa orodha kwa simu: namba, jina, saa. Alizisoma haraka haraka, mtoto analia nyuma yake. Alipofika namba tano alilisoma jina kamili la Shangazi kama lilivyo kwenye rufaa, akasema saa tano kamili, akaaga. Shangazi alidhani mwenzake amemtania kidogo, kwa jinsi alivyolisoma bila hata kusita. Akaliandika jina lake mwenyewe kwenye orodha yake mwenyewe.

Siku yenyewe alivaa gauni la buluu la kwendea harusini, ingawa hapakuwa na wa kumwona ila mlinzi, na mlinzi alikuwa na kifaa cha kupimia joto tu, hakuwa na maneno. Alifika mapema. Alikuwa ameandika atakayosema, na akayasoma kwa sauti mara tatu mle chumbani. Habari ya mama wa yule binti aliiweka mwanzo.

Saa nne aliwaunganisha wajumbe watatu, akamwingiza dereva, akatoa sikio. Ilipofika saa nne na robo, dereva akatoka, Shangazi akamwingiza mtunza bustani. Kila mmoja Shangazi alimwambia neno la kumtia moyo kabla hajamwachia. Msaidizi wa maktaba alikuwa anatetemeka mpaka Shangazi akamwambia anywe maji kwanza, nitakushikia laini dakika moja. Kisha mpishi. Saa tano kasoro dakika mbili mpishi alimaliza.

Ikabaki namba tano.

Mnaweza kusema, si angebonyeza tu akaingia? Nami nilimwambia hivyo, na kwa hasira. Lakini barua ilisema asubiri kuitwa, na sheria yake ilisema asiingie asipoitwa, na yeye aliziheshimu zote mbili. Kulikuwa na la tatu pia, ambalo alinitolea kwa shida. Alitaka wamwite wao wenyewe. Alitaka mmoja wao aseme, jamani, namba tano si ndiye Opareta wetu? Hebu mwiteni. Watu watatu aliowaamkia kila siku, aliowatafuta walipotafutwa na kuwaficha walipotaka kufichwa. Alitaka kuitwa mara moja tu, kwa jina lake.

Basi akakaa na karatasi yake mkononi, macho kwenye taa nyekundu. Dakika tano. Dakika kumi. Kule kwenye laini nao walikuwa wanasubiri opareta awaingizie namba tano. Hakusikiliza. Angeinua tu mkono wa simu akauweka sikioni, angewasikia wakihema. Saa ya ukumbini iligonga robo.

Taa ikawaka.

"Opareta hapa," alisema. "Nikusaidie?"

"Opareta, tumemaliza," alisema Profesa. "Wenzangu wameshakata. Huyu namba tano hakutokea."

Shangazi alifungua mdomo. Profesa akaendelea, akalitafuta lile jina kwenye karatasi na kulisoma polepole, silabi moja moja, kama mtu anayesoma jina la dawa kwenye chupa. Kisha akauliza, "Unamfahamu huyu mama?"

Shangazi aliniambia kwamba hapo ndipo maneno yote aliyoyaandika yalipokauka. Si kusahauliwa kwenye orodha kulikomuuma, hilo angelisamehe. Mtu huyu alikuwa amemwambia habari za asubuhi miaka ishirini na miwili. Jina la Shangazi lilipita mdomoni mwake kwa mara ya kwanza siku ile, na lilikuwa la mtu mgeni. Angejitetea vipi kwa mtu ambaye kwake yeye hayupo? Mimi ningeitikisa simu ile mpaka nyaya zitoke ukutani. Mimi si yeye.

"Namfahamu kidogo, Profesa," alisema.

"Basi tumesubiri robo saa nzima. Asiyekuwepo na lake halipo. Tumeiacha nafasi ifutwe kama ilivyopendekezwa." Profesa alikohoa, akapoza sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Ila si vizuri alisikie kwenye barua. Mtafute kwa simu umwambie. Wewe una ulimi mzuri, utajua namna ya kumwambia."

"Nitamwambia, Profesa."

"Asante sana, Opareta. Sijui tungefanyaje bila wewe."

Akakata. Taa ikazimika.

Shangazi alikuwa amepewa kazi, na hakuwahi kuacha kazi aliyopewa bila kuifanya. Alivuta kitabu cha namba, akakirudisha, maana hakukihitaji. Akabonyeza namba ya simu ya mezani ya nyumbani kwake, ile aliyowekewa na chuo ili apatikane ikitokea dharura. Akaweka mkono wa simu sikioni na safari hii hakutoa sikio.

Ikaita. Alijua inaita wapi, kwenye meza ndogo kando ya kochi, mapazia yamefungwa, kikombe cha asubuhi hakijaoshwa. Aliiacha iite mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena, ikaita tena mpaka mwisho.

Kisha akachukua orodha, na mbele ya jina lake akaandika kwa mwandiko ule wa mviringo: amepigiwa mara mbili, hakuna mtu nyumbani.