Namba Iliyoliwa na Unyevu

Mpiga chapa wa mahakama alipostaafu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitoa uvunguni kompyuta ya kaka yake. Ilikuwa kibodi nene ya kuunganishwa na televisheni, na kaka huyo alikuwa hajaigusa kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipokwenda ng'ambo kutafuta kazi. Barua zikaja, zikapungua, zikakatika.

Kabla hajaondoka alimweleza dada yake siri ya mashine ile. Ndani yake mna programu ya msingi iliyochomwa kwenye chipu kiwandani, haifutiki, na kila amri hupitia kwake. Walioiunda waliacha amri moja bila kazi. Ukiandika programu yako ndogo kwenye kumbukumbu, kisha ukaiachia ile ya msingi anwani ya hiyo yako, basi amri ile ikiitwa itakwenda moja kwa moja kwenye programu yako.

"Ni kama bawabu," alisema. "Hakujui, lakini ukimwachia anwani, mgeni wako atafikishwa mlangoni."

Amri hiyo akaifundisha kupiga mluzi aliozoea kuupiga akirudi nyumbani.

Mashine ikizimwa husahau, lakini namba zote za programu hiyo zilikuwa kwenye daftari aliloliacha kaka. Dada akazichapa kwa vidole vilivyozoea hukumu za watu, hadi akafika kwenye moja iliyoliwa na unyevu, ile ya kupanga wembamba wa sauti: ikipungua, sauti huzidi kuwa nyembamba. Akabahatisha mia moja, akaita amri. Mashine ikapiga mluzi ule ule, ila kama umetoka kinywani mwa mtu mwingine.

Siku tatu alishinda pale akibadilisha namba, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kaka yake alivyozidi kumponyoka. Ilipofika mia na arobaini na mbili akajikuta amegeuka kutazama mlango. Akasema moyoni, ni hii.

Mama yao akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Siyo," akasema. "Punguza."

Wakapunguza hadi tisini. Mama akavuta kiti akakaa. "Huyo ndiye."

"Mama, huyo si mtoto mdogo?"

"Alijifunza mluzi alipong'oka meno ya mbele. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Walibishana mpaka jua likahama dirishani, wasiafikiane. Mwishowe mpiga chapa akaziandika namba zote mbili daftarini, kando ya doa la unyevu. Mama akaomba aisikie tena ya kwake, kisha ile ya binti yake, kisha ya kwake. Maharage yakaanza kuungua jikoni, na hakuna aliyeinuka.