Fomu Nilizojaza Kigombe

Ile siku ya Kigombe naikumbuka, mwanangu, mpaka viatu nilivyovaa. Vilikuwa na visigino, vikizama mchangani kila nilipopiga hatua, lakini nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule na sikutaka mtu wa pale pwani adhani mimi ni mwenzao. Na nilikuwa mwenzao, ndiyo aibu yenyewe. Mama yangu alinisomesha kwa vitumbua alivyouza dirishani kwetu Ngamiani.

Nakusimulia haya kwa sababu umeniambia Jumatatu unaanza kuzunguka na kishikwambi, wewe na wenzako, kuwauliza wafanyabiashara wadogo wa Pangani wanahitaji nini. Ni kazi nzuri. Mimi niliifanya kwa karatasi, nikaiharibu. Kaa kidogo, chai bado ya moto.

Mradi ulioniajiri ulitaka kuwasaidia kina mama wanaokausha dagaa. Mwaka ule ulikuwa na uwezo wa kijiji kimoja tu, na kijiji kingechaguliwa kwa majibu ya fomu: penye shida kubwa kuliko pengine, ndipo msaada uende. Vijiji vingine walipewa wenzangu, mimi nikapewa Kigombe.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwema asiyejua kunyamaza, alinitembeza siku nzima. Dagaa unawajua: huchemshwa kwa maji ya chumvi, wakaanikwa juani, na wakikauka vizuri wanunuzi huwapeleka Horohoro na kuvuka nao mpaka. Kina mama wale walikuwa wakianika chini kabisa, juu ya nyavu kuukuu. Nilimsimamia kila mmoja na kalamu yangu, mwenyekiti ubavuni, majirani wametega masikio, nikasoma swali kama lilivyoandikwa: una shida gani katika biashara yako?

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa makamo, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Alijifuta mikono kwa kanga, akatabasamu.

"Shida gani tena, mwanangu? Alhamdulillahi, mambo yanakwenda. Karibu chai."

Chai sikunywa, nilikuwa na haraka. Niliandika: hakuna.

Wengine walinijibu vivyo hivyo. Wachache waliodhani nimebeba pesa mkobani walisema mtaji, nikaandika mtaji. Kufika alasiri fomu zote zilikuwa zimejaa, hakuna kisanduku kilichobaki wazi. Gari la mradi lilipopita likitoka Pangani nikamkabidhi msimamizi wangu bahasha, akanisifu kwa wepesi. Mimi nikabaki nilale kwa binamu yangu, nikijiona mtu.

Asubuhi yake mvua ilishuka ghafla, mvua za masika unazijua. Nilikuwa barazani nikisubiri basi la kurudi Tanga, nikawaona kina mama wanakimbilia dagaa wao. Bi Mwanaidi alikuwa peke yake na mzigo ulikuwa mwingi. Nilivua vile viatu nikaenda kumsaidia. Tulichookoa kilikuwa kidogo. Waliobaki walishalowa na kuanza kulainika. Aliwazoa kwa koleo, akawatia kwenye magunia, akasema watakwenda kwa mwenye kuku, ambaye hulipa anavyotaka yeye.

"Hutokea mara ngapi?" nikamuuliza.

"Masika? Wiki haipiti."

"Mbona jana uliniambia huna shida?" Nilisema kwa sauti ya lawama, Mungu anisamehe.

Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Mtoto wa wapi wewe?"

"Wa Tanga mjini. Ngamiani."

"Basi si mgeni. Jana umenijia na mwenyekiti, umenisimamia kichwani, wenzangu wote wanasikia, na mnunuzi wangu kakaa pale anangoja nimwambie bei. Nijivue nguo mbele yao? Mamako akiulizwa hivyo na mpita njia, atamjibu nini?"

Mama alijibu alhamdulillahi hata siku ambazo vitumbua vilibaki bakuli zima, tukavila sisi wenyewe mchana na usiku. Tangu sijajua kusoma nilifahamu kwamba lile ni jibu la adabu na la kujisitiri, na la kumshukuru Mungu katika hali yoyote, wala halimwambii mtu habari za biashara. Chuo hakikuninyang'anya elimu ile. Niliiacha nyumbani kwa hiari yangu, kwa kuwa haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu. Niliona haya, mwanangu, nikatamani ile bahasha iwe bado mkononi mwangu.

"Ukitaka kujua, kaa," akaniambia. "Usiniulize shida. Niulize nimeanika ndoo ngapi na nimeanua ngapi."

Nilikaa siku tatu. Tulihesabu pamoja ndoo zilizoanikwa, zilizoanuliwa zikiwa kavu, na zilizokwenda kwa kuku, na siku zile tatu kuku walishinda. Nilipowafuata wengine mmoja mmoja, nimeketi chini nao nikichambua dagaa, mambo yalitoka yenyewe bila swali. Walichokosa ni chanja za kuwainulia dagaa kutoka mchangani, zenye paa la kufunika haraka. Ule mtaji niliouandika kwa bidii ungewanunulia dagaa zaidi wa kuloweshwa na mvua. Tena Bi Mwanaidi akanipitisha nyuani kwa watu, nikakuta wanawake wanaochemsha na kuanika huko huko ndani, mmoja yumo kwenye eda, anauza kupitia mlango wa uani bila kutoka. Hao hawakuwamo kwenye fomu zangu hata kidogo, kwa sababu nilipita njia ya mbele tu.

Nilirudi mjini na daftari limelowa. Msimamizi wangu alinisikiliza vizuri, sina ubaya naye. Lakini majibu yalikuwa yameshapelekwa juu na kijiji kingine kimeshachaguliwa. Kijiji kile nacho kilikuwa na shida ya kweli, nisingeweza kusema kimedhulumu. Kigombe ikaandikwa ya mwaka unaofuata.

Mwaka ni mrefu kwa mtu anayeanika chini. Bi Mwanaidi aliivumilia masika ile, na ya pili ilipoanza akaacha, akauza sufuria zake za kuchemshia na kukaa kusuka makuti. Siku ya kukabidhiwa chanja nami nilikuwapo. Alikuja na kanga yake safi, akapitisha kiganja juu ya waya wa chanja, akaangalia paa, akasema, "Nzuri. Zinafaa." Kisha akaniaga, akarudi kwenye makuti yake. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, nami mpaka leo namwona akienda zake.

Sasa nikuase, mwanangu, halafu unywe chai yako. Huko Pangani watakupa tabasamu na watakukaribisha ndani. Karibu ile ukubali, hata kama kishikwambi kinakuhimiza. Usimuulize mtu unyonge wake mbele ya mteja wake, wala usimwachie mwenyekiti akuonyeshe wapi pa kwenda. Piga hodi hata milango ya uani, nawe unawajua wanaokaa huko. Usiombe watu wakutajie shida, kwani mwenye heshima zake hakutajii. Uliza alileta nini asubuhi na kimebaki nini jioni, naye atakuhesabia bila kuona aibu, kwa sababu hiyo ni kazi yake na anaijua kukushinda. Ukiona fomu yako imejaa upesi mno, iogope. Na anayekwambia hana shida, usimwandike hana. Mwandike kwamba bado hujakaa naye.

Nenda, Mungu akupe subira ya kuketi chini, na akuwekee moyoni adabu uliyolelewa nayo, isije ikakutoka kwa sababu ya ajira. Waliokufungulia milango yao awasitirie siri zao. Na ukikosea, kwa maana utakosea, akujaalie ujue mapema, kabla mtu hajauza sufuria zake.