Shikamoo yangu ilivyozima mashine ya protoni, baba mkubwa akiwa kitandani

Wakuu salaam, wakubwa wa humu shikamooni. Hili nalisimulia kama lilivyokuwa. Asiyeamini aje Masanze amuulize baba mkubwa mwenyewe, ila ajiandae kusemwa.

Mzee ni mstaafu wa reli. Alikutwa na uvimbe nyuma ya jicho la kushoto, pabaya kwa kisu. Madaktari wakashauri tiba ya protoni, nje ya nchi.

Ukoo ukaniteua kumsindikiza kwa sababu ya Kiingereza changu. Kiingereza chenyewe cha kutembeza watalii Mikumi. Naweza "don't feed the baboons" vizuri sana.

Mzee akagoma. "Huo mwali wa protoni ukinipiga usoni, si utatokea kisogoni?"

Nikamwambia mionzi ya kawaida ndiyo inapitiliza, inashusha mzigo kila stesheni. Protoni inashusha kidogo njiani, mzigo mkubwa inaumwaga Munisagara, yaani kwenye uvimbe, na safari inaishia hapo. Kidete, stesheni ya mbele, yaani ubongo, hawapati kitu.

"Breki anashika nani?"

Hakuna breki baba, wanapima kasi tangu mwanzo. Kasi ikizidi, inaenda ndani zaidi.

"Treni isiyo na dereva sipandi."

Mama mkubwa akamwambia sawa, ukipofuka nitakuwa nakushika mkono kwenda chooni. Kesho yake mzee akaulizia pasipoti.

Wakuu, huko tulikoenda ule mtambo ni mkubwa kuliko godauni la mpunga! Unachukua haidrojeni, unaivua elektroni, zinabaki protoni. Zinakimbizwa kwa kasi ya ajabu, halafu sumaku zinauelekeza mwali kwenye bomba mpaka chumba cha mgonjwa. Mwali ni mmoja, vyumba vinapokezana, kama bomba la maji la mtaa.

Mzee akafungwa barakoa ngumu ya plastiki, imetengenezwa kwa sura yake na kubanwa kitandani. Akisogea kidogo tu, mwali unakosa uvimbe na kupiga pazima. Mkononi akapewa mpira wa kubonyeza akipata shida.

Sisi tukatoka, tukakaa control room, chumba cha kuongozea mtambo. Mtaalamu akanipa maiki nimwambie tunaanza.

Asubuhi tulishaamkiana. Lakini ile maiki ilikuwa kama simu, na kwetu huwezi kumpigia mkubwa simu ukaanza na kitu kingine.

"Shikamoo baba mkubwa."

Kengele ikalia! Kila kitu kikasimamishwa, watu wakakimbilia ndani, wakamfungua. Anaumwa wapi? Nikatafsiri.

"Naumwa wapi? Nimeitikia marahaba. Mdomo mmeubana, nikabonyeza."

Zamu ikaenda chumba kingine. Iliporudi wakampanga upya, wakapiga picha upya. Nikashika maiki tena.

"Samahani baba, shikamoo..."

Kengele.

Mtaalamu akaniangalia kama nyani aliyeiba mkate wa mtalii. Mzee naye akachukia kwelikweli. "Salamu ya mtoto siiachi hewani. Nirudishe Masanze."

Hapo niliogopa, wakuu. Tukiondoka, lile jicho ndiyo basi tena.

Nikamwomba: baba, marahaba ya kule ndani nipe hapa hapa kabla ya barakoa.

"Haya, niamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo itoshe mpaka nivuliwe hili dude."

Nikarudi kwenye maiki, nikasema tu, "Baba, tunaanza." Nilijisikia kama nimemtukana. Kengele haikulia. Mwali ukaupaka uvimbe tabaka kwa tabaka, na yeye hakusikia hata joto. Tukafanya hivyo kila siku mpaka dozi ikaisha.

Sasa juzi niko sokoni Dumila nachagua nyanya. Nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya lami:

"Wewe! Unanipita hivihivi bila salamu?"

Baba mkubwa. Amesimama kule, jicho la kulia kalifunika na kiganja, ananiangalia kwa lile la kushoto.

Nikalia pale pale kwenye nyanya za watu. "Shikamoo baba mkubwa!"

"Marahaba! Na hilo tenga liache, limeoza chini, chukua la pili."

Nilichojifunza: ukimsindikiza mkubwa kwenye tiba, malizaneni salamu mlangoni. Mliowahi kupeleka wazee hospitali, leteni visa vyenu tucheke. Na wakubwa wa humu, nimeshawaamkia pale juu, msije mkabonyeza kitu.